Akka anagombea Baraza la Famasi India, sisi wa Dar tumegeuka timu ya kampeni

Siku hizi simu ikilia usiku mara tatu mfululizo sihitaji hata kuangalia, najua ni Akka, na najua anachotaka, anataka nisome ilani yake tena maana kabadilisha mistari miwili na anaona sasa imekaa vizuri.

Kwa wasiomjua, Akka ni mfamasia wa India tuliyesoma nae Bangalore, na sisi Wabongo wachache wa lile darasa tulimpa jina hilo, yani dada, kwa vile ndo alikuwa dada yetu kule, anatutafutia vyumba, anagombana na wenye nyumba wanaotupandishia kodi wakiona sura ngeni, ukiumwa anakuja na uji wa wali kwenye hotpoti na anakaa mpaka umalize. Tulivyomaliza sisi tukarudi nyumbani, tukafanya intanishipu yetu ya mwaka mzima kama utaratibu unavyotaka, tukasajiliwa, maisha yakaendelea, yeye akarudi jimboni kwao akafungua kafamasi kake karibu na stendi ya basi. Grupu letu la WhatsApp lilibaki la harusi, misiba na picha za watoto. Mwaka huu limegeuka makao makuu ya kampeni, yani kuna watu wako Tegeta na Mbagala wanabishana kuhusu kura za jimbo ambalo hawajawahi kulikanyaga.

Jimbo lenyewe sitalitaja, uchaguzi bado unaendelea na dada wa watu nisije nikamuharibia.

Iko hivi. India kila jimbo lina baraza lake la famasi na sheria inayoyaunda ni ya mwaka 1948, hawajapata uhuru hata mwaka haujaisha wakaitunga, na mpaka leo ni hiyohiyo inawekwa viraka tu. Sheria inasema wafamasia waliomo kwenye rejista ya jimbo wanachagua wenzao 6 kwa kura zao wenyewe, serikali ya jimbo inateua 5, baraza la madaktari linatoa mtu 1, halafu wanaingia kwa vyeo vyao mganga mkuu wa jimbo, mkuu wa udhibiti wa dawa na mkemia wa serikali. Jumla 15, wanakaa miaka 5, na wakishakaa wanachaguana wao kwa wao nani awe rais wa baraza na nani makamu wake. Hizo nafasi 6 ndo zinazogombaniwa, na nawaambia zinagombaniwa kweli, sio mchezo.

Kwetu hiyo kitu hamna. Baraza letu la Famasi lipo kwa sheria ya 2011 na wajumbe wake wanateuliwa, kwa hiyo mimi na miaka yangu yote nyuma ya kaunta sijawahi kupiga kura ya kumpeleka mtu pale. Labda ndo maana tumeikamata hii ya Akka kwa kiherehere namna hii.

Ilani ya kwanza aliyotutumia niliisoma kwenye mwendokasi, nimesimama, kwapa la mtu liko usoni, na bado nikacheka. Kima cha chini cha mshahara kwa kila mfamasia. Bima kwa familia za wafamasia. Ada ya kuhuisha usajili ishuke. Maduka ya dawa ya mtandaoni yapigwe marufuku maana yanawaua wenye maduka madogo. Na juu kabisa kwa herufi kubwa, NITATETEA MASLAHI YENU. Nikaipeleka kijiweni kwetu, kuna sehemu pale Kariakoo wafamasia kadhaa huwa tunakutana kwa supu na chapati kabla maduka ya jumla hayajachangamka, nikamtafsiria mzee wetu mmoja aliyesoma Muhimbili enzi za miaka ya themanini, mzee akasikiliza mpaka mwisho akafuta mdomo akauliza, "Huyo binti anagombea baraza au anagombea chama cha wafanyakazi?"

Swali lenyewe ndo limenifanya niandike hii posti.

Baraza sio chama. Huku kwetu tunalijua hilo kwa sababu vitu viwili vimetengana, kuna Chama cha Wafamasia ambacho ni chetu, tunalipa michango, tunachagua viongozi wetu, tunalalamika humo mpaka usiku wa manane, halafu kuna Baraza ambalo kazi yake ni kukusajili, kukukagua na ukiharibu kukushughulikia. Chama kinanitetea mimi. Baraza linamtetea yule mama anayekuja dirishani na karatasi haielewi hata imeandikwa nini. Sasa ukigombea kiti cha baraza kwa ahadi za chama unakuwa umewaahidi watu kitu ambacho kile kiti hakina uwezo nacho, ukiingia utakaa miaka 5 unatafuta visingizio, au mbaya zaidi utajaribu kuitimiza ile ahadi kweli na hapo ndo mgonjwa anabaki hana mtu.

Nikamwambia Akka hivyohivyo. Akajibu kwa voisi noti ndefu kama mahubiri ya mkesha, kwa ufupi alisema, "Sawa, mimi na wewe tunajua, lakini wanaopiga kura sio wagonjwa."

Na ana hoja, siwezi kumkatalia.

Ngoja niwaambie kitu kingine kuhusu kule maana hapa ndo pazito. Sheria yao kifungu cha 42 inasema asiyekuwa mfamasia aliyesajiliwa haruhusiwi kutoa dawa kwa cheti cha daktari, na ili duka lipate leseni lazima liwe na mfamasia. Nchi ni kubwa, maduka ni mengi kuliko unavyoweza kufikiria, kwa hiyo kuna watu wamegeuza usajili wao kuwa mtaji, cheti cha usajili kinatundikwa ukutani kwa mtu, kila mwezi hela inaingia, mwenye cheti yupo mji mwingine kabisa anafanya kazi ya mauzo ya simu au anafundisha shule. Dukani anatoa dawa kijana aliyeishia njiani kimasomo. Kila mtu anajua. Na hao wenye vyeti vya kukodisha wote wapo kwenye rejista, wote wanapokea karatasi ya kura.

Msomaji wa Dar hapo unatabasamu maana wimbo unaujua. Baraza letu limelipigia kelele hili miaka nenda rudi, mfamasia mmoja anasimamia duka Sinza kwa karatasi lakini mwili wake uko Mwanza. Mimi mwenyewe kuna bosi mmoja alinifata nikiwa mgeni kwenye usajili, mtu wa heshima zake, kanzu nyeupe, tukaongea vizuri tu pembeni ya gari lake, akafungua buti akatoa fremu ya picha mpya kabisa bado ina ile nailoni yake na kibei kimebandikwa kwenye kona, fremu ya cheti, ukubwa umekaa sawasawa kabisa na cheti cha usajili. Alishainunua. Akaniambia "mdogo wangu we ulete karatasi tu, hutasumbuliwa kuja, mshahara utaukuta kwenye simu." Nilikataa, na wala sio kwamba mimi ni malaika, kilichonitoa jasho ni ile fremu, yani mtu ameshapima nafasi yangu ukutani wakati mimi mwenyewe hanihitaji.

Wapo watakaosema sasa shida iko wapi, si dawa zilezile, Panadol ni Panadol akikupa profesa au akikupa muuza karanga. Haya. Kuna mzee aliletwa dukani kwetu na mjukuu wake, analalamika anatoka jasho, anatetemeka, mara mbili ameanguka asubuhi, mjukuu anajua ni presha imeshuka, anataka tumpe kitu cha kupandisha. Nikamwambia nileteeni dawa zote anazokunywa, wakarudi na mfuko wa Rambo umejaa. Nikazipanga kaunta. Kulikuwa na glibenklamaidi ya kampuni moja, na glibenklamaidi ya kampuni nyingine, boksi moja la bluu jingine jeupe lina mstari mwekundu, zimenunuliwa maduka mawili tofauti, na mzee anakunywa zote maana kwake yeye hizo ni dawa mbili. Dozi mara mbili ya dawa ya kushusha sukari, na kula kwenyewe ni kwa kusuasua. Tukampima, sukari iko chini balaa, tukampa soda na glukosi haraka na akapelekwa hospitali. Aliyemuuzia boksi la pili hakumuuliza swali hata moja, na sijui kama angejua cha kuuliza. Mwenye cheti cha ukutani angejua, ila hakuwepo.

Sasa rudi kwa Akka. Anataka kuandika kwenye ilani kwamba cheti kikae alipo mwenye cheti, na wanaotakiwa kumpigia kura ni pamoja na hao wanaolipa ada za shule za watoto kwa kukodisha vyeti. Hapo ndo unaelewa kwa nini wagombea wengi wanakimbilia kuahidi mishahara na bima.

Mjadala wa kijiweni ukahama hapo ukaenda kwenye swali kubwa, hivi chombo cha kusimamia taaluma kinatakiwa kuchaguliwa na wanataaluma kweli? Na watu waligawanyika vibaya.

Kaka yetu mmoja aliyewahi kukaa Uingereza alisema hapana, akatupa mfano wa huko. Wale zamani chama chao cha wafamasia, kilichoanzishwa 1841, kilikuwa kimevaa kofia mbili, kinawatetea na hapohapo kinawasajili na kuwaadhibu, na baraza lake wengi walikuwa wanaingia kwa kura za wafamasia. Mwaka 2010 serikali ikazitenganisha, usimamizi ukaenda kwenye baraza jipya lenye wajumbe 14, nusu wafamasia na mafundi dawa, nusu watu baki kabisa ambao hawajawahi kushika hata chupa ya sirapu kikazi, na wote wanateuliwa. Hakuna kura. Kilichowafikisha huko sehemu kubwa ni upande wa madaktari, ile kesi ya Harold Shipman, daktari wa mtaani aliyekuwa anachoma wagonjwa wake diamofini, dawa kali ya maumivu, mpaka wanakufa, alihukumiwa mwaka 2000 kwa kuua wagonjwa 15 na uchunguzi uliofuata ukaona waliouawa ni zaidi ya 200. Jaji Janet Smith aliyeongoza ule uchunguzi alilisema wazi baraza la madaktari la wakati ule, kwamba lilikuwa linaangalia sana madaktari kuliko wagonjwa, na kwamba mjumbe aliyeingia kwa kura za madaktari anajiona ana deni kwa madaktari. Na kumbuka hiyo diamofini ilikuwa inatoka famasi, kwa karatasi, mfamasia anaiona inapita.

Hoja nzito. Hapo kijiwe kilikaa kimya kidogo, watu wanatafuna.

Ila mzee wetu akaja na upande wa pili. Akasema kuteuliwa nako kuna mwenyewe, anayeteuliwa ana deni kwa aliyemteua, sasa wewe chagua unataka awe na deni kwa nani. Akasema Afrika Kusini wamechanganya, baraza lao lina watu 25, wafamasia wanachagua 9 na waziri anateua waliobaki, kwa hiyo hakuna upande unaoweza kusema hili baraza ni la kwetu peke yetu. Na mdogo wetu mmoja ambaye mkewe ni wakili akaleta mfano wa wanasheria wa hapa nyumbani, mnakumbuka ule uchaguzi wa TLS, chama cha mawakili, Agosti 2024 pale Dodoma, Mwabukusi aliposhinda urais, nchi nzima ilikuwa inafatilia kama fainali ya Simba na Yanga, akauliza mbona mawakili wanachaguana na dunia haijaisha? Nikamwambia mfano mzuri ila hauko mahali pake, TLS ni chama, wakili akiharibu hapelekwi kuadhibiwa na rais wa TLS, kuna Kamati ya Mawakili kwa ajili ya hiyo kazi. Akanuna kidogo. Akaagiza chapati nyingine.

Mimi niko na mzee. Nataka kura, lakini sio kura tupu. Mfumo wa kina Akka kwenye karatasi sio mbaya hata kidogo, 6 wa kura, 5 wa serikali, wengine kwa vyeo, hakuna anayeweza kutoboa peke yake. Ninachokiona kinakosekana ni mgonjwa, kwenye hao 15 hakuna kiti kilichotengwa kwa mtu wa kawaida, mama wa mtaani, mwalimu, mtu wa kuuliza maswali ya kijinga ambayo sisi wenye taaluma tumeshaacha kuyauliza. Hilo Waingereza wamewashinda. Kutoa kura yote na kuteua kila mtu, hapo hapana, maana mfamasia wa Tandahimba naye ana kitu cha kusema kuhusu kanuni anazotungiwa na watu ambao mara ya mwisho kukaa kaunta ilikuwa kabla ya simu za mkononi.

Kuna jambo jingine nilikuwa silijui mpaka Akka aliponielewesha, na hili ndo linaleta fujo zote. Kila baraza la jimbo linamchagua mjumbe wake mmoja kwenda Baraza la Famasi la India nzima, lile la juu kabisa, na lile la juu ndo linaloidhinisha vyuo vya famasi. Vyuo vya binafsi kule ni biashara kubwa, we fikiria tu ada za watoto wa nchi nzima. Kwa hiyo mwenye vyuo hana shida na rejista yako wala na mzee wa sukari, ana shida na yule mtu mmoja atakayepelekwa juu, na ili umpate yule mmoja unahitaji wengi kwenye wale 15, na kwenye 15 wanaonunulika kirahisi ni 6 wa kura. Ndo zinakuja paneli. Yani jimboni kwao mpiga kura anachagua majina mpaka 6, kwa hiyo watu wanajipanga sita sita, wanatengeneza kipeperushi kimoja na namba zao, unaambiwa tiki hizi basi usichoke kichwa.

Akka alifatwa na paneli moja. Walimtaka kweli, ni mwanamke, ana duka lake, anaheshimika, na kule wanawake kwenye hizo listi ni wachache. Wakamwambia vipeperushi juu yetu, usafiri juu yetu, wewe toa picha tu na ile mistari ya vyeti uitoe "kwa sasa." Grupu letu liliwaka moto siku hiyo. Wengine walimwambia ingia, ukishakuwa ndani utafanya unavyotaka, huwezi kubadilisha kitu ukiwa nje. Mimi nilimwambia ukiingia kwa vipeperushi vyao utatoka kwa maelekezo yao, na pia we jiulize kwa nini mstari mmoja unawasumbua hivyo. Aliwaza, akaenda kuongea na mumewe na mama mkwe (mama mkwe ndo meneja kampeni wa kweli, sisi tunajisumbua tu), akawakatalia. Anagombea peke yake.

Basi ilani tukaiandika upya. Tulibishana kila neno. Mishahara ikatoka, bima ikatoka, maduka ya mtandaoni yakabaki kwa sura nyingine kwamba duka lolote, la mtaani au la mtandaoni, liwe na mfamasia anayeonekana na kupatikana. Kwenye vyeti mwanzo alikuwa ameandika "nitawafuta wote," nikamwambia Akka tulia, wewe utakuwa mmoja kati ya 15, baraza lina uwezo wa kumuondoa mtu kwenye rejista ndiyo lakini mpaka asikilizwe, ana haki ya kukata rufaa, na hata wakaguzi wa baraza wanaajiriwa kwa kibali cha serikali ya jimbo, huwezi kuamka Jumatatu ukafuta watu. Usiahidi usichokishika. Mwisho akaandika kwamba atapigania wakaguzi waajiriwe, rejista isafishwe, na orodha ya nani yuko duka gani iwekwe hadharani ili mgonjwa yeyote aweze kuisoma. Hiyo ya orodha ndo naipenda kuliko zote, na sio kwa India tu. Ukikuta jina la mfamasia mmoja kwenye maduka matatu ya miji mitatu huhitaji mkaguzi kukufafanulia.

Akaongeza na mstari wake mwenyewe ambao hatukumshauri, kwamba anajua wengi wanakodisha vyeti kwa sababu mshahara wa kukaa dukani haumtoshi mtu mwenye digrii, na kwamba haoni aibu kulisema hilo kwenye ilani ya baraza hata kama baraza halilipi mshahara wa mtu. Mzee wetu alivyosikia hiyo alitikisa kichwa akasema huyu sasa ameanza kugombea.

Kampeni yenyewe kule ni ya miguu. Kura ni za posta, karatasi inatumwa kwa anwani iliyopo kwenye rejista, na watu wamehama, wameolewa, wako Dubai, anwani ni ya nyumba ya baba iliyoshauzwa. Kwa hiyo Akka anafunga duka mchana, anapanda basi, anazunguka miji midogo anaingia duka kwa duka, anauliza kwanza kama karatasi imefika na sio kuomba kura. Anasema kuna watu wanapita kukusanya karatasi tupu kwa wenye vyeti vya kukodisha, wanawaambia "tupe, tutakujazia." Kuna duka moja aliingia akamuuliza kijana wa kaunta mfamasia yuko wapi, kijana akamuonyesha ukutani. Kwa kidole. Akka akatuma picha ya ule ukuta kwenye grupu, cheti kimefifia na jua mpaka picha ya mwenyewe haionekani, pembeni taji la maua ya miungu na kalenda. Nikaizuumu nikamuuliza kama ile fremu imewekwa kioo au plastiki, akaniambia mbona unauliza maswali ya ajabu.

Wengine mmeniuliza inboksi kama siku moja viti vya Baraza letu vikiwekwa kwenye kura nitagombea. Jibu sina haraka nalo. Najua tu nitakachowauliza watakaokuja kuniomba kura, kwanza wewe mwenyewe cheti chako kiko wapi saa hii tunavyoongea, na duka hilo tukipiga simu sasa hivi utapokea wewe? Akijikanyaga hapo hata kama ana digrii tatu namuaga. Pili aniambie siku gani ya mwisho alikaa na mgonjwa dakika kumi bila kuangalia simu. Kuhusu mishahara aende akaniahidi kwenye uchaguzi wa chama, nitampa na huko kura yangu kama anajua anachosema.

Wenye vyeti vya kukodisha mtakaokuja kunitukana kwenye komenti, karibuni, ila mtaje na duka.

Kura zinahesabiwa mwezi ujao. Kijiweni wameshaweka dau, atakayekosea ananunulia watu supu ya kongoro na chapati mbili mbili, mzee anasema binti anashinda kwa kishindo, kaka wa Uingereza anasema hapati kitu maana paneli zitambeba kila mtu, mimi nimeweka kwamba anaingia wa tano au wa sita, kwa kuponea chupuchupu. Yeye mwenyewe nimemuuliza akasema hana muda wa kamari, kuna wilaya mbili bado hajafika na basi la kwenda huko linaondoka saa kumi alfajiri kwa saa zao.

Matokeo yakitoka nitayaweka hapahapa.